Picha mbili bila tarehe sio ushahidi kwamba mchanga umehama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazipunguza na ni haki yenu, ila hii naomba msiikate katikati maana nusu yake itapotosha watu kuliko kutoichapa kabisa. Ni kuhusu ile makala yenu ya mchanga wa Sahara unaofukia visima na mashamba, ile yenye picha mbili za satelaiti, ya kushoto imeandikwa KABLA na ya kulia imeandikwa SASA, halafu chini yake maelezo kwamba jioneeni wenyewe jangwa linavyosonga.

Nimejionea. Nimeziangalia sana zile picha, maana hiyo ndo kazi yangu, huu mwaka wa 11 nashinda mbele ya skrini napima matuta ya mchanga kwenye picha za satelaiti, lilikuwa hapa, miaka miwili baadaye lipo pale, limekwenda mita ngapi, linaelekea wapi. Aliyeandika makala anaonekana kabisa ana uchungu na wale watu, mtu hawezi kuandika vile kama hajaguswa, kwa hiyo sina ugomvi na nia yake. Ugomvi wangu ni na zile picha. Hazina mwaka, hazina mwezi, hazijasema ni satelaiti gani imezipiga, na ukizitazama kwa jicho la mtu aliyezizoea unaona wazi kwamba moja imepigwa jua likiwa chini na nyingine jua likiwa limepanda. Yaani kile ambacho msomaji anakiona kama mchanga mpya uliomwagika ni kivuli tu kimeondoka.

Hapo ngoja nieleze taratibu maana ndo kwenye kiini chenyewe.

Tuta la mchanga lina mgongo na lina uso. Mgongo ni ule upande upepo unakotokea, umelala, mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 hivi. Uso ni upande wa pili, mchanga unakomwagikia, huo umesimama kwa nyuzi 33 hivi na hauwezi kusimama sana kuzidi hapo, kwa sababu mchanga mkavu ukizidi kuinuka unaporomoka wenyewe mpaka urudi kwenye pembe yake. Sasa satelaiti nyingi za kupiga picha za ardhi, Landsat kwa mfano, zimepangiwa njia ili zipite juu ya sehemu kwenye saa nne hivi asubuhi kila mara zinapopita. Mwezi wa 12 kule Sahara saa nne asubuhi jua bado liko chini upande wa kusini mashariki, kwa hiyo uso wa tuta uliolipa jua kisogo unapata mwanga wa kuparaza tu au haupati kabisa, na kwenye picha unaona mstari mweusi uliopinda kama mwezi mwandamo, tuta limechorwa vizuri kama mtu kapitisha wino. Mwezi wa 6 saa ileile jua limeshapanda, kivuli hakuna, tuta lilelile limekuwa weupe juu ya weupe. Chukua ile ya Desemba uiite KABLA, chukua ya Juni uiite SASA, msomaji ataapa kwamba mchanga umejaa kila kona. Na tuta lenyewe huenda halijasogea hata hatua 5.

Kwa hiyo sheria ya kwanza kabisa kwenye hii kazi, mtu unafundishwa siku ya kwanza, ni picha za mwezi mmoja. Ukichukua ya Januari 2015 linganisha na ya Januari 2020. Ukishindwa kabisa kupata, sema wazi kwamba miezi tofauti, usinyamaze.

Watu wengi nikiwaambia kwamba tuta linatembea wanadhani nasema kwa mafumbo. Linatembea kweli, na namna linavyotembea ukiwahi kuiona kwa karibu huisahau. Upepo ukifika kasi ya kilomita 20 hivi kwa saa punje zinaanza kuamka. Hazipai kama vumbi, zinarukaruka, punje inaruka inaanguka mbele kidogo, ikianguka inagonga zingine nazo zinaruka, mpaka mgongo mzima wa tuta unakuwa kama unafuka moshi mwepesi unaokimbia chinichini usawa wa kifundo cha mguu, ukisimama pale unausikia unakuchomachoma kwenye ngozi. Zikifika kileleni ukingoni upepo unaziachia, zinajikusanya pale kwenye mdomo, zinaongezeka, zinaongezeka, halafu ghafla kipande kinakatika na kuteremka usoni kama ulimi. Basi. Nyuma pamepungua, mbele pameongezeka. Tuta zima linahama kwa mtindo huo, na kila punje ikishazikwa mbele inangoja tuta lote lipite juu yake ndipo itokee tena mgongoni ianze upya.

Ralph Bagnold, yule mwanajeshi wa Kiingereza aliyekuwa akizunguka majangwa ya Misri na Libya kwa gari miaka ya 1920 na 1930, ndiye aliyekaa chini akaipigia hesabu hii kitu vizuri. Alionyesha kwamba mchanga unaobebwa unaongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi ya upepo, yaani upepo ukizidi mara 2 mchanga hauzidi mara 2, unazidi kama mara 8. Ndo maana siku chache za upepo mkali zinahamisha mchanga kuliko miezi mizima ya upepo wa kawaida, na ndo maana mwaka mmoja tuta linaweza kukimbia na mwaka unaofuata likawa kama limelala. Jambo la pili ni kwamba tuta dogo linakwenda mbio kuliko kubwa, upepo uleule, la mita 3 linakwenda karibu mara 2 ya la mita 6, kwa sababu kubwa lina mchanga mwingi wa kuhamisha kabla halijasogea hatua moja.

Sasa mkiweka hayo mawili pamoja mtaona kwanini ile sentensi ya kwenye makala, kwamba mchanga wa Sahara unasonga kwa kasi ya mita kadhaa kwa mwaka, haina maana yoyote. Mchanga upi? Kwenye bonde la Bodélé kule Chad kuna matuta ya umbo la hilali, wenyewe kwenye fani tunayaita barkani, ambayo yamepimwa kwa picha za satelaiti yakakutwa baadhi yanakwenda zaidi ya mita 50 kwa mwaka, ni kati ya yanayokimbia kuliko yote duniani. Nenda Erg Chebbi kule Moroko kuna tuta linaitwa Lala Lallia, lina umbo la nyota, urefu wa kwenda juu kama mita 100, hilo utafiti uliotoka 2024 unasema linasogea kama nusu mita kwa mwaka, na linazidi kukua kwenda juu maana upepo unalipiga kutoka pande tofauti, huku unasukuma huku unarudisha. Lile tuta jeusi la majivu ya volkano karibu na Olduvai linakwenda kama mita 17 kwa mwaka, na pale hata satelaiti huhitaji sana maana kuna vigingi vimesimikwa vyenye mwaka, unatembea kutoka kigingi hadi kigingi unaona lilipokuwa. Yote hayo ni mchanga, yote yapo bara hilihili, na ukiyajumlisha ukagawanya upate wastani umepata namba isiyomsaidia mtu yeyote.

Halafu kuna kosa lingine ambalo mimi mwenyewe nimelifanya, nalisimulia kwa sababu naliona kila siku kwenye mitandao na kwenye magazeti.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa picha mbili za sehemu moja zimepishana miaka mitatu, nikachora ukingo wa tuta kwenye ya kwanza, nikachora kwenye ya pili, nikapima katikati nikapata mita 40 na kitu. Nikaandika ripoti, ikapita, ikafika kwa watu waliokuwa wanapanga wapi pa kuchimba kisima. Mkuu wangu wa kazi alikuwa mama mmoja mtaratibu sana, hakunifokea, aliniita akafungua zile picha mbili, akawa anabonyeza kitufe kimoja kwenda na kurudi, ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, tuta linaruka kushoto kulia. Akaniambia angalia pembeni. Pembeni kulikuwa na barabara ya lami. Barabara nayo ilikuwa inaruka. Akaniuliza, mwanangu, na barabara imehama? Nilitamani ardhi ipasuke. Picha ya pili ilikuwa imekaa vibaya kwenye ramani, imesogea karibu pikseli moja nzima, yaani kile kidoa kidogo kabisa kinachounda picha, na pikseli moja ya Landsat ni mita 30. Kwa hiyo katika zile mita 40 zangu, 30 zilikuwa za picha, tuta lenyewe lilikuwa limekwenda mita 10 na ushee tu kwa miaka mitatu. Kisima kilikuwa kinakaribia kuhamishwa kukimbia tuta ambalo lingehitaji miaka mingi kukifikia.

Tangu siku hiyo kabla sijagusa tuta natafuta kwanza kisichohama. Mwamba, kona ya nyumba, makutano ya barabara, ukingo wa ziwa kavu lenye udongo mgumu. Nazibonyeza picha kwenda na kurudi mpaka vile vitu visivyohama vitulie tuli, hapo ndo natazama kinachohama. Kule Tunisia kuna mfano mzuri sana wa hili, kuna majengo yalijengwa jangwani kwa ajili ya kupigia filamu yakaachwa palepale, na tuta moja la barkani likawa linayasogelea, watafiti wakachukua picha za miaka tofauti wakatumia majengo yaleyale kama alama maana nyumba haina miguu, wakapata tuta linakwenda kama mita 15 kwa mwaka. Utafiti wao ulitoka 2013. Hamna chombo cha ajabu pale, ni picha zenye tarehe na alama isiyohama.

Siku hizi hata kuchora kwa mkono tunapunguza. Kuna programu zinazochukua kipande kidogo cha picha ya kwanza, labda pikseli 32 kwa 32, zinakitafuta kwenye picha ya pili kimekwenda wapi, kipande baada ya kipande mpaka jangwa zima linajaa mishale midogo, huu mshale mrefu huu mfupi. Moja inayotumika sana ilitoka chuo cha Caltech Marekani mwaka 2007 na haikutengenezwa kwa ajili ya mchanga, ilitengenezwa kupima ardhi ilivyoteleza baada ya tetemeko, na picha zikiwa nzuri inaweza kugundua msogeo mdogo kuliko pikseli yenyewe. Mwaka uliofuata Pieter Vermeesch na Nick Drake wakaitumia kwenye yale matuta ya Bodélé na ndo zikapatikana zile kasi nilizotaja juu. Ila nayo ina mipaka yake, ukipishanisha picha miaka mingi mno kwenye matuta yanayokimbia, tuta dogo linakuwa limeshamkuta kubwa wameungana, au kubwa limezaa dogo kwenye pembe yake, ile ncha ya hilali, programu inatafuta sura ambayo haipo tena. Ukipishanisha miezi miwili tu kwenye matuta yanayotambaa unapima makosa ya picha badala ya mchanga. Kuchagua muda wa kupishanisha ni uzoefu, hakuna kitufe cha kukuchagulia.

Na kama sehemu ina vumbi au mawingu kuna rada. Satelaiti ya rada ya Ulaya, Sentinel-1, ilianza kuruka 2014, inapiga kwa mawimbi yake yenyewe, usiku, mchana, vumbi, haijali. Ukilinganisha mapito mawili ya rada, pale ambapo uso wa ardhi haujaguswa mawimbi yanarudi kwa mpangilio uleule, pale ambapo mchanga umehama hata kidogo mpangilio unavurugika, kwa hiyo unapata ramani ya mchanga ulio hai na mchanga uliolala. Hii naipenda sana kwa sababu matuta mengi yanayoonekana ya kutisha kwenye picha ya kawaida yamelala zamani, yamefungwa na nyasi au na udongo, hayaendi popote mpaka mtu ang'oe zile nyasi.

Najua kuna mtu atasema haya yote ni ya wataalamu wenye hela. Hapana, na hapa ndo nataka waandishi wenu wanisikilize vizuri. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972. Picha zake zilikuwa za pikseli ya mita 80 hivi, tuta dogo huwezi kuliona, ila uwanja mzima wa matuta unauona. Kuanzia 1982 zikaja za mita 30. Kuna kipindi picha moja ya Landsat iliuzwa mpaka dola 4,000 hivi, na kupima tuta unahitaji mbili au tatu, ukiwa mtafiti wa nchi masikini ulikuwa unazitazama kwenye orodha tu. Mwaka 2008 Marekani ikaamua picha zote za Landsat ziwe bure, za zamani na mpya, kwa yeyote mwenye intaneti. Ulaya nao wakarusha Sentinel-2 mwaka 2015 na ya pili yake 2017, pikseli ya mita 10, zikiwa mbili zinapita kila baada ya siku 5, nazo bure. Hata zile picha za kijasusi za Corona za Wamarekani, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 kwa filamu za kweli, kopo la filamu linadondoshwa kutoka angani na parachuti ndege inalidaka hewani, zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995, picha zaidi ya laki 8, na baadhi zina ukali wa mita 2 hivi. Ukizipata za sehemu yako unaona tuta lilipokuwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kuzilaza vizuri kwenye ramani ni shughuli maana kamera yake ilikuwa inafagia kutoka upande hadi upande na picha inajipinda pembeni, ila inawezekana, nimefanya, usiku mzima kwa picha moja.

Kwa hiyo mwandishi leo hana sababu ya kupiga picha skrini ya ramani ya simu akaiita SASA. Ile picha ya kwenye ramani ya simu mara nyingi imeshonwa kwa vipande vya miaka tofauti, kipande hiki cha mwaka huu kile cha miaka sita nyuma, mstari wa mshono wenyewe ukikuza unauona. Ukiipima umepima viraka.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, ile kusema "jangwa linasonga". Jangwa na tuta ni vitu viwili. Sahara yenyewe sehemu kubwa sio mchanga, mchanga ni kama robo tu, pengine pungufu, iliyobaki ni mawe, changarawe na miamba. Tuta linaweza kuhama mita 50 na jangwa lisiongezeke hata hatua moja, na ardhi inaweza kugeuka jangwa kabisa bila tuta lolote kufika, kwa kukatwa miti na mvua kukosekana. Na hii habari ya jangwa linasonga kwa kasi kadhaa tumeshawahi kuingia nayo shimoni. Mwaka 1975 mwanaikolojia Hugh Lamprey alizunguka kaskazini mwa Sudan kwa ndege ndogo na gari, akalinganisha ukingo wa jangwa aliouona na ukingo uliokuwa umechorwa kwenye ramani ya uoto ya 1958, akapata umesogea kusini kilomita 90 hadi 100 kwa miaka 17. Watu wakagawanya, wakapata kilomita 5.5 kwa mwaka, namba ikazunguka dunia nzima, ikaingia kwenye hotuba na mipango. Lakini ule mstari wa 1958 kwa kiasi kikubwa ulikuwa umefuata kiwango cha mvua, na safari ya 1975 ilikuja baada ya ukame mkali. KABLA na SASA, pointi mbili, basi.

Baadaye Ulf Helldén na wenzake wa Lund kule Sweden wakaenda na picha za satelaiti na wakatembea ardhini Kordofan, hukohuko Sudan, hawakuuona huo mwendo. Halafu 1991 Compton Tucker na wenzake wakatoa kazi yao, walichukua satelaiti za hali ya hewa wakafuatilia ukijani wa ukingo wa kusini wa Sahara kila mwaka kuanzia 1980 mpaka 1990, wakaona ukingo ulishuka kusini mpaka 1984 mwaka wa ukame mbaya, 1985 ukarudi kaskazini zaidi ya kilomita 100, ukaendelea hivyo kupanda na kushuka kufuata mvua. Mtu aliyechukua 1980 na 1984 peke yake angeandika kwamba Afrika inaisha. Aliyechukua 1984 na 1985 angeandika kwamba jangwa limekwisha. Wote wawili wangekuwa na picha za kweli mkononi.

Na hiyo haikubaki kwenye vitabu. Ukishaamini kwamba jangwa ni jeshi linalokuja kwa mstari unajenga ukuta mbele yake, na lawama unamtupia mfugaji kwamba ng'ombe wake ndo wanalileta. Ukijua kwamba kuna tuta fulani, la urefu fulani, linalokwenda mita 15 kwa mwaka kuelekea kusini magharibi, na kisima kipo mita 300 mbele yake, unajua una miaka 20 hivi, na unajua kama pembe ya tuta itakipitia au itapita pembeni, unajua fensi ya kupunguza upepo ikae wapi. Nimewahi kuona fensi za makuti zimesimamishwa kwa jasho la watu upande ambao tuta halielekei, kwa sababu mtu alisoma mwelekeo kwenye picha akageuza barkani kichwa chini. Pembe za barkani zinatazama kule upepo unakokwenda. Lakini kuna matuta mengine yaliyoshikwa na majani pembeni ambayo pembe zake zinatazama kule upepo unakotoka, na kwenye picha isiyo kali yanafanana sana. Anayepima lazima ajue analitazama lipi, na picha ya pili yenye tarehe ndo inamaliza ubishi maana inaonyesha limekwenda wapi.

Kuna reli kule China, ya Baotou kwenda Lanzhou, ilifunguliwa 1958 inakatiza kwenye matuta pale Shapotou. Waliifunga ile ardhi kwa majani makavu yaliyochomekwa kwenye mchanga miraba miraba ya mita 1 kwa 1, upepo ukipita juu yake unakosa nguvu, mchanga unatulia, baadaye vichaka vikaota. Treni zinapita mpaka leo na kwenye picha ya satelaiti unauona ule ukanda umekaa tofauti kabisa na mchanga wa pembeni. Hiyo inafanyika ukijua mchanga wako unatoka wapi.

Hii kazi ya kulinganisha picha imefika mpaka sayari ya Mirihi. Kwa miaka mingi wengi walidhani matuta ya kule yameganda, maana hewa yake ni nyembamba mno. Kamera ya HiRISE iliyoko kwenye chombo kilichofika kule 2006 inaona vitu vya sentimita 25 kwa pikseli, na mwaka 2012 watafiti wakachapisha vipimo vya sehemu inaitwa Nili Patera, wakitumia programu ileile ya matetemeko, wakaonyesha matuta yanatembea. Wale watu walipima mchanga wa sayari nyingine na kila picha waliyoitumia ilikuwa na tarehe yake.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri ombi langu ni dogo. Mkichapa picha ya satelaiti andikeni chini yake siku, mwezi, mwaka na jina la satelaiti, mstari mmoja tu, hauli nafasi. Mkichapa mbili ziwe za mwezi mmoja, na zioneshe kitu kimoja kisichohama, hata jiwe. Kama kuna picha za miaka ya katikati zichapeni nazo, hata ndogondogo kama stempu, msomaji ataona kama tuta limekwenda mfululizo au limeruka mwaka mmoja likakaa. Na mwandishi wenu akiamua kurudia ile makala, kwa sababu wale watu wa visima wapo na shida yao ni ya kweli, mimi nipo tayari kukaa naye, sitaki malipo, namba yangu mnayo kwenye bahasha.

Nimeambatanisha picha sita za Bodélé, zote za Januari, zimepishana mwaka mmoja mmoja, zimechapwa kwa kipimo kimoja na tarehe nimeziandika kwa kalamu nyuma ya kila moja. Upande wa chini kuna mwamba mweusi nimeuzungushia duara. Chukueni rula, pimeni kutoka kwenye ule mwamba mpaka ncha ya pembe ya lile tuta dogo la katikati, halafu fanyeni hivyohivyo kwa lile kubwa la kulia kwake.

Wenu,
Msomaji, mpima matuta